Joto Haligawanyiki Sawa

Juzi nilipigiwa simu kutoka Tabora: mwalimu mwenzangu wa zamani, wa fizikia, amefariki, na wameshamzika kwao Ng'ambo. Wasomaji wangu mnanijua kwa domo, lakini jambo lake moja sijawahi kuwasimulia, kwa sababu linanitia aibu.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, sote wawili tukifundisha fizikia kidato cha sita. Asubuhi hiyo kiongozi mmoja wa chama alikuja kuketi nyuma darasani, aone kama masomo yetu yanakwenda na siasa ya nchi. Mwenzangu alikuwa akieleza joto. Chembe za chuma hazitulii, alisema, hucheza mahali pake kama mawe ya mizani yaliyoning'inizwa kwenye springi. Chuma kikiwa cha moto sana, kila springi hupata nguvu sawa na nyingine. Kikipoa mno, zilizo laini huendelea kupata, na ngumu huambulia kidogo sana. Somo lilikuwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kiongozi akanigeukia mimi niliyeketi karibu naye kama mwenyeji wake. "Ndugu mwalimu, anasemaje kuhusu kugawana?"

Watu walikuwa wamepoteza kazi kwa maneno madogo kuliko hayo. "Anasema joto hugawanywa sawa kwa wote, ndugu," nikajibu. Akatabasamu, akaandika.

"Sivyo," mwenzangu akasema kwa Kiswahili, chaki mkononi. "Nimesema likiwa jingi. Likiwa kidogo haligawanyiki sawa."

"Una maana vijijini hakuna usawa?"

"Nazungumzia chuma, ndugu. Vijana hawa wana mtihani."

Wiki haikwisha, barua ya uhamisho ikaja: shule ya msingi, ndani kabisa huko Sikonge. Nilimkuta akifunga vitabu vyake kwenye baiskeli, nikamfokea. "Si ungenyamaza tu, kaka? Nilikuwa nimeshakuokoa!"

"Mimi uliniokoa," akasema, akikaza kamba. "Na wale vijana je?"

Nikarithi darasa lake. Nilipofika kwenye springi, kiongozi yule akiwa amerudi kuketi palepale, nikairuka sehemu hiyo, nikafunua ukurasa uliofuata. Mtihani ulipokuja, swali hilo lilikuwamo. Vijana walilijibu vizuri, maana walikuwepo siku aliponisahihisha. Mwalimu ni wa wale walio mbele yake darasani, na mwenzangu hakuwasahau hata siku moja. Mimi nilikuwa nikimtazama aliyeketi nyuma.