Ini la Sangara na Chupa ya Jumapili

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyotaka kumzaba kofi kaka yangu mkubwa mbele ya watu. Sikumzaba. Kwetu mdogo hampigi mkubwa, hata mkubwa mwenyewe akiwa kichwa maji.

Nilikuwa nimetoka Bunda nilikoolewa, nimekwenda Murangi kuwasalimu wazazi. Ilikuwa miaka ile maduka yalipofunguliwa. Nyinyi hamuijui shida iliyotangulia: sabuni kwa foleni, sukari kwa bahati, shati moja linavaliwa na ndugu wawili kwa zamu. Lakini sikiliza ajabu hii. Katika dhiki ile tulikula furu, visamaki vya ziwa letu, wazimawazima, kichwa na matumbo yake, kwa matembele na ugali wa muhogo. Macho yetu hayakuwa na neno. Neema ilipokuja, furu wakawa wamekwisha, wameliwa na sangara, yule samaki mkubwa aliyeletwa ziwani. Na sangara naye hakukaa nyumbani, alipanda gari la barafu kwenda kiwandani. Watoto wa mvuvi wakabaki na chai ya rangi na skonzi. Na wazazi wao wakajiona wameendelea!

Kaka yangu huyo, Magesa, alikuwa mvuvi hodari wa sangara. Binti yake Nyamisi alikuwa hajaanza shule, na ndiyo kwanza ametoka kuugua surua. Nilipofika alasiri alinikimbilia, akanipokea kikapu, akanichekea. Jua lilipozama mama yake akamtuma akalete kata jikoni. Mtoto akasimama palepale, kashika ukuta.

"Umeona, wifi?" mama yake akaniambia. "Mchana anarukaruka, ikifikaga jioni hatumiki. Uvivu huo. Nimemchapa mpaka nimechoka."

Nikamwita mtoto aje kwangu. Akaja mikono mbele, akanikanyaga mguu, akanipita. Mwanangu, mtoto anachapwa kwa sababu haoni! Moyo uliniuma, kisha ukachemka.

"Wifi, huyu haoni giza likiingia," nikasema.

"Aa, mambo ya macho baba yake anayajua," akanijibu, akanionyesha chupa juu ya kabati. "Alimnunulia dawa Musoma baada ya surua."

Nikaichukua. Ilikuwa na vidonge laini vya rangi ya asali, na picha ya samaki kwenye karatasi yake. Asubuhi nikaishika mkononi nikashuka nayo mwaloni, ambako Magesa na wenzake walikuwa wakipasua sangara wa usiku. Matumbo walikuwa wanawatupia korongo, na korongo wa Murangi walikuwa wamenenepa kuliko watoto wa Murangi.

"Kaka," nikamwambia, "hapa pameandikwa mafuta ya ini la samaki."

"Ndiyo. Yametokaga ng'ambo hayo."

"Na hicho ulichomtupia ndege ni nini?"

Akatazama mkono wake wenye damu. "Hilo? Ini la sangara tu."

"Na mtoto anakunywaje dawa yake?"

"Kimoja kila Jumapili tukitoka kanisani. Ni ghali, dada, siyo vitu vya kumeza ovyo. Acha chupa iishe, halafu tuone."

"Tuone!" nikapaza sauti. "Nani aone, Magesa? Aone nani?"

Wanaume wakacheka. Hapo ndipo mkono uliponiwasha. Nikaushusha, nikapanda nyumbani, nikambeba Nyamisi mgongoni hadi zahanati bila kuaga mtu.

Mama nesi alimwinua kidevu, akamtazama kwa tochi. Katika jicho la kushoto palikuwa na doa jeupe. Mimi sikuwa nimeliona, na mama yake alilidhani tongotongo.

"Surua na chakula kibovu vimemkausha macho," akasema. "Giza la jioni litaondoka, nitampa matone ya vitamini. Lakini hili la kushoto, mama, mmelileta limeshachimbika."

Akampa dawa. Haikupita wiki, mtoto alikuwa anatumwa kata jioni anakimbia. Jicho la kulia lilipona. La kushoto likabaki na kovu, na kwa jicho lile hajaona tena mpaka leo. Magesa alipoelewa, alikwenda nyuma ya nyumba akalia kwa sauti, mwanamume mzima. Nilimwonea huruma, na hasira haikuniisha.

Ngojangoja huumiza matumbo, wahenga walisema. Macho je?

Na nyinyi wa leo sasa! Mnaniletea simu mnionyeshe vidonge vya kumfanya mtu avue miwani. Mpapai uko nyuma ya nyumba, mapapai yanaliwa na popo. Matembele mnayaita chakula cha shida. Mnanichosha. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Basi sikia, mwanangu, nisirudie. Wape watoto papai na embe, mchicha na matembele, na utie mafuta kidogo, maana mboga isiyo na mafuta huacha wema wake njiani. Wape dagaa, wape yai, na mara mojamoja kipande cha ini. Ile kusema maini ni ya wanaume peke yao, ife na waliosema. Mtoto apate chanjo ya surua, na matone ya kliniki usiyakose. Vidonge vya dukani usivimeze wala usimpe mtoto kabla hujamuuliza daktari, hasa mwenye mimba, kwani hata vitamini ikizidi huwa sumu. Na mtoto akikataa kutumwa jioni, weka fimbo chini. Mwite aje kwako gizani. Akikupita, usingoje chupa wala Jumapili. Kukicha ukutwe mlangoni pa zahanati.

Nimemaliza, na koo limekauka. Mungu akupe mkono mwepesi wa kulisha na mzito wa kuchapa. Akuzeeshe mpaka wanao wachoke kukutazama, na wakutazame kwa macho yao yote mawili.