Baba Hakuvuka Lango la Boma

Siku ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe la shule, nembo nimeing'oa mfukoni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na ofisi ya wilaya hapa Songea ilinichukua kuwa karani wa masjala, yaani chumba cha kutunzia majalada. Watu hawakusema ofisi ya wilaya. Walisema Boma.

Karani Mkuu, mtu mnene asiyecheka asubuhi, alinionyesha kaunta.

"Mwananchi atasimama pale, wewe hapa. Usimfuate mtu nje hata akiwa padri. Boma halitoki kumfuata mtu. Mtu ndiye anayeingia Boma."

"Na akiwa mgonjwa, bwana?"

"Aliyeweza kufika langoni atafika kaunta."

Nililipenda neno lile, boma. Kwa bibi yangu kule Maposeni, boma lilikuwa uzio wa miti wa kulazia ng'ombe. Asili yake wazee hawakukubaliana. Mwalimu wetu alisema ni la kwetu tangu kale, wengine wakadai lilitoka Uajemi, na tarishi wetu, mpeleka barua, aliapa kwamba ni herufi za mwanzo za cheo cha Kiingereza, akashindwa kukitaja. Wajerumani walipojenga ngome ya mawe na kuizungushia ukuta, watu waliiita boma, kwa kuwa kilichozungushiwa ndicho walichokijua kwa jina hilo. Waingereza walirithi jina na utawala wake, nasi baada ya uhuru tukarithi vyote. Hata leo anayefunga ndoa bila padri wala shehe husemwa kafunga bomani.

Baba hakulitamka. Babu alipitishwa kwenye lango la boma wakati wa Majimaji, asitoke tena, na tangu hapo wanaume wa ukoo wetu hawakuvuka lango la serikali. Kodi zao zilipelekwa na jirani. Nilipopata kazi baba alisema tu, "Kula mshahara wao. Mimi usiniite huko."

Mwaka wa tatu, asubuhi moja, tarishi aliegemea kaunta. Alikuwa Myao wa Tunduru, mtu wa utani.

"Wewe Mngoni, baba yako yuko langoni. Nimemkaribisha ndani, kanitazama kama nimemtukana."

"Anataka nini?"

"Anasema uje. Zaidi hasemi."

Foleni ilikuwa ndefu na Karani Mkuu alikuwa akinitazama. Nikasema kwa sauti, ili anisikie yeye, "Mwambie Boma halitoki kumfuata mtu."

Tarishi hakucheka. "Hilo silipeleki. Kamwambie mwenyewe."

Sikwenda. Nilipotoka kazini, muuza ndizi aliniambia mzee alisimama mpaka jua likawa kali, kisha akashika njia ya Peramiho, kurudi kwetu Maposeni. Nilimfuata. Nilikuta majirani wamekaa uani. Mama alizidiwa usiku, akawa akiniulizia tangu alfajiri mpaka alipokata roho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nilikuja kukuita."

Hakuongeza neno, siku ile wala baadaye.

Nilihamishiwa Tunduru, kisha Mbinga, nikarudi Songea nikiwa Karani Mkuu mimi mwenyewe. Nilikuwa nikitoka kuwafuata wazee langoni, na Katibu Tawala akanibandika jina la karani wa barabarani. Niliendelea kutoka, ingawa niliyepaswa kumfuata hakuwa pale.

Nilianza kumjengea baba nyumba ya tofali za kuchoma. Kuta zilipofika lenta, juu ya milango, nilimkaribisha aone vyumba. Alisimama nje ya mlango, mikono nyuma. "Paa likiwepo nitaingia," alisema. Alifariki kabla sijanunua bati.

Mafundi wa siku hizi huita boma nyumba iliyosimama kuta bila paa. Mimi sasa ni mstaafu, naishi Msamala. Juzi mjukuu wangu, ambaye ni fundi, alinipeleka kwenye nyumba ile ya baba kwa bodaboda, akaingia na futi yake kupima.

"Babu, ingia basi, uniambie chumba cha mzee kilikuwa kipi."

Nikamwambia apime tu. Nilibaki nje ya mlango, pale aliposimama baba, mpaka jua likawa kali.