Ukuta Unaotaka Maji

Jirani yetu wa mtaa wa Dilala alikuwa akiongeza chumba cha binti zake kama mtu anayeshona nguo ya harusi. Kila tofali aliligonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, na lililolia vibaya akaliweka kando bila hasira. Kamba alizifunga kwenye misumari, akafumba jicho moja, akazifungua, akazifunga upya. Tukimcheka kwa kukawia kwake, alijibu kwa sauti yake ya chini, "Nyumba haikimbie, bandugu." Hata miezi ile watu wa asili ya Kasai kama yeye walipoanza kufukuzwa kwa treni, wakaitwa wageni katika mji walimozaliwa, yeye aliendelea kupiga plasta.

Asubuhi zamu yake ilipofika, mtu aliyeitaka nyumba alikuwa ameshaketi juu ya matofali yaliyobaki, panga mapajani. Mkewe alisimama njiani na godoro kichwani. "Batu bote baliisha kuenda ku gare," alimwita, machozi yakimtoka. "Treni haitatungojea." Mumewe hakugeuka. Alikuwa na ndoo, akiunyunyizia maji kwa kiganja ukuta uliopigwa plasta juzi, kutoka kona hadi kona, kama alivyofanya kila asubuhi. Alipomaliza, akaibeba ndoo na kuitua mbele ya miguu ya yule mtu mwenye panga.

"Na mangaribi utamwanga tena maji, tata," akamwambia kwa heshima. "Simenti iko mubichi bado. Bila maji itapasuka."