Mgongo wa Khunou

Motlomelo Phafoli wa kijiji cha Ha Rampeo alitengeneza matandiko ya farasi kwa miaka kumi na tisa. Alianza baada ya kurudi kutoka migodini Welkom, ambako jiwe lilimvunja goti la kulia na goti likakataa kukunjika tena. Mguu huo ulimfikisha kisimani, basi. Wateja wake wengi walikuwa wachungaji wa malisho ya juu, mwendo wa nusu siku kwa farasi, kwa hiyo bila farasi hakuwa na kazi.

Farasi wa mtu akiletwa, Motlomelo alimwomba mwenyewe ampande na kuzunguka zizi mpaka jasho limtoke mnyama, kisha avue tandiko. Hakulitazama tandiko kwanza, alitazama jasho. Palipobaki pakavu katikati ya manyoya yaliyolowa ndipo tandiko lilipobana mno. Halafu alipitisha vidole viwili kando ya uti wa mgongo, upande huu na huu, akisubiri mnyama adidimize mgongo panapouma. Mtu akilalamika kwamba farasi wake mkaidi, alijibu kuwa farasi mkaidi bado hajamwona, ila migongo mibovu ameiona mingi. Kilichomuudhi zaidi ni vikuku vya kukanyagia visivyolingana urefu. Wenye vikuku hivyo aliwakaripia bila kujali umri.

Mwaka 1994, wiki mbili baada ya Pasaka, farasi wake mwenyewe alianza kumkataa. Huyu ni Khunou, mwekundu wa kahawia, mwenye mwendo wa haraka usiomtikisa mpandaji. Akiona tandiko linakuja alilaza masikio. Mkanda wa tumboni ukikazwa aligeuza shingo kutaka kuuma. Njiani aliburura miguu ya nyuma.

Motlomelo alimpima kama alivyowapima wa wengine. Pakavu palikuwa kushoto, nyuma, ukubwa wa kiganja. Alifumua tandiko upande ule, akapunguza sufu, akashona. Akampumzisha Khunou wiki mbili, maumivu yakaisha. Akampanda siku moja, yakarudi. Akafumua tena. Mara ya tatu alibadili hata blanketi la chini.

Mwezi wa Juni jirani yake Kelebone, mfuga farasi wa mashindano, alimwazima Khunou pamoja na tandiko lake kwenda mazikoni, siku mbili kwenda na kurudi. Alimrudisha mzima kabisa, farasi akicheza njia nzima. Kelebone aliliona jambo hilo la kuchekesha.

"Mganga hajigangi, ntate," alisema, akimwita baba kwa lugha yao. "Farasi hana ugonjwa. Amekuchoka wewe tu. Niuzie mimi anayenipenda."

Pale kijijini wapo waliosema farasi ametupiwa dawa amchukie mwenyewe. Motlomelo hakuamini dawa, lakini hakuwa na maelezo mengine. Siku ya Alhamisi alituma neno kwa Kelebone kwamba aje Jumamosi amchukue. Alianza pia kuwaambia wateja kuwa kazi ya malisho ya juu ameiacha.

Ijumaa jioni mkewe, 'Malineo, alikuwa akisonga uji mzito wa mahindi. Katika nyumba ile mambo ya farasi yalikuwa ya mume. Wakienda kanisani au dukani, yeye Motlomelo alitangulia juu ya farasi, mke akafuata kwa miguu na mzigo wake, na namna mwanamume anavyokaa juu ya farasi wake halikuwa jambo la mwanamke kulisemea. 'Malineo alisema bila kugeuka kutoka jikoni.

"Mgongo wako naujua kuliko uso wako, ntate. Miaka yote hii blanketi unalojifunika mabegani lilikuwa linaning'inia sawa. Tangu Pasaka linalala kushoto."

"Kushoto kiasi gani?"

"Kiganja. Nyonga ya kulia imepanda juu, umekaa kama mtu anayechungulia kisima."

Motlomelo akauliza kwa nini hakusema tangu wakati ule.

"Ungenisikia?"

"Hapana," alisema.

Alitoka, akavuta tandiko karibu na mlango penye mwanga. Juma la Pasaka alikuwa amekata kanda mpya za vikuku. Alizilaza pamoja juu ya meza, akazitoboa tundu kwa tundu, zikalingana kabisa. Zile za zamani zilikuwa bado zimetundikwa ukutani. Alizipima: ya kulia ilikuwa imevutika, imeizidi ya kushoto kwa vidole vitatu. Kwa miaka kumi na tisa mguu usiokunjika ulikuwa umejivutia nafasi yake. Kanda mpya ziliusukuma mguu juu, na mguu ukamsukuma yeye kushoto. Kelebone, mwenye magoti mawili mazima, zilimfaa.

Asubuhi alishusha kikuku cha kulia kwa vidole vitatu. Kelebone alifika na kamba mkononi. Motlomelo alimwambia kuwa farasi hauzwi, akamweleza sababu yote. Kelebone aliinama, akatazama vikuku, akacheka mpaka akashika ukuta wa zizi.

"Mwaka juzi ulinifukuza hapa kwa tofauti ya kidole kimoja!"

"Nilikosea," alisema Motlomelo. "Lete lile tandiko nilitazame upya, na wewe ulipande mbele yangu."

Khunou alipumzika wiki sita ili mgongo upone kabisa. Muda huo Motlomelo hakwenda popote, na wachungaji wawili walipeleka matandiko yao kwa fundi mwingine. Agosti, mwisho wa kipupwe, theluji ilipopungua njiani, alimtandika. Farasi alisimama akitafuna, masikio mbele. Motlomelo akapanda, na 'Malineo akasimama nyuma yao hatua kumi, akiwa amekunja mikono.

"Kulia kidogo," alisema. "Tena. Hapo."

Wanaume wawili waliokuwa wakipita walisikia, wakatazamana. Motlomelo alibaki kama alivyoelekezwa. Alipanda njia ya malisho ya juu na kifuko cha sindano na sufu, akarudi siku ya tatu, saa nane mchana, juu ya farasi.