Rimoti ilivyonitoka leo

Itigi nzima hakuna anayewajua nyuki kunizidi. Nyuki wenyewe wananijua kwa jina.

Kwa hiyo leo jioni, kipindi cha nyuki kilipoanza kwenye runinga, nikashika rimoti. Mke wangu alitaka vichekesho.

"Haya, nakuachia," akasema. "Ila ukisinzia tu, rimoti yangu."

Nisinzie mimi? Niliyekaa macho siku tisa juu ya mti nikilinda mzinga?

Nikawa nawaeleza watoto wa mdogo wangu kila kitu. Hata mtangazaji nilimsahihisha mara mbili.

Mara nikasikia kijana anasema, "Shikamoo, mzee!"

Kijana ana adabu. Nikaitikia kwa nguvu, "Marahaba, baba! Karibu ndani. Umekula?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko.

"Baba mkubwa," akasema Neema, binti wa mdogo wangu, "huyo yuko kwenye vichekesho."

Kufumbua macho, rimoti iko kwa mke wangu.

Sikulala. Nilifumba macho niwasikie nyuki vizuri. Mnaonijua, niteteeni hapo chini.

Ila moja nakiri. Hata baada ya kuambiwa, nilibaki namsubiri yule kijana aseme kama amekula.