Ubao wa Kamau Katika Kabati la Wageni

Nakumbuka vizuri Jumapili moja huko Lanet, mwanangu, mama yetu alipofungua kabati la vyombo vya wageni na kutoa humo sauti ya mjukuu wake.

Sikutanii. Mjukuu mwenyewe ni Kamau, mtoto wa dada yangu Wambui, wakati huo akiwa na miaka minane. Kamau ana usonji, na hasemi kwa mdomo. Mwalimu wake, Mwalimu Chepkoech, alikuwa amemtengenezea ubao: kadibodi ngumu iliyobandikwa picha na kufunikwa kwa plastiki. Chai, mbwa, choo, nataka, sitaki, kelele, naumwa, na pembeni mchoro wa mwili wa mtu. Mtoto anagusa picha, nawe unajua anachotaka kusema. Mama, ambaye sote tulikuwa tumeanza kumwita Shosho, yaani nyanya, kwa ajili ya Kamau, aliupenda ubao ule kupita kiasi. Na nyumba zetu za huku unazijua: kitu kikipendwa hivyo, hakiguswi. Ubao ukaenda kukaa na vikombe vya maua na chupa ya chai ya harusi, kabati likafungwa, ufunguo ukaingia kwenye kibeti cha Shosho.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, na digrii yangu ilikuwa ya isimu, yaani taaluma ya lugha. Ningeweza kukueleza ulimi unavyokaa mdomoni kwa kila sauti ya Kiswahili, hata kama hukuuliza. Lakini kwamba mtu mmoja nyumbani kwetu alikuwa anapewa lugha siku za wageni peke yake, hilo halikunipitia akilini.

Basi Jumapili hiyo kina mama wa kanisani walikuwa wamejaa sebuleni. Shosho akauweka ubao mezani.

"Kamau, onyesha chai."

Kamau akagusa chai.

"Onyesha mbwa."

Akagusa mbwa. Kina mama wakapiga makofi. "Ai, kumbe huyu ako na akili!" mmoja akasema, mtoto mwenyewe akiwa hapo hapo anasikia. Ubao ukapanguswa kwa kitambaa, ukarudishwa ndani.

Siku chache baadaye Kamau akakataa chakula. Akawa anajigonga kichwa ukutani na kulia kilio ambacho hatukuwa tumekisikia kwake. Wambui akampeleka zahanati, na kwa kuwa hataki kula, wakampa dawa ya minyoo. Shosho akasema ni utundu, tumemdekeza. Homa ikapanda. Akawa hataki hata mama yake amguse, na Wambui, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akawa ananigeukia mimi: "Wewe umesoma. Niambie basi, anaumwa wapi?"

Mwalimu Chepkoech alikuja asubuhi moja kuuliza mbona Kamau haonekani shuleni. Alikuwa mama aliyekaribia kustaafu, na goti moja lilikuwa likimsumbua. Alimtazama mtoto, akatutazama sisi.

"Ubao uko wapi?"

"Kwa kabati," Wambui akajibu.

"Fungua."

"Ufunguo uko na Shosho. Ameenda matanga huko Bahati."

Mwalimu akanigeukia. "Wewe msomi, ulipokuwa mdogo mama yako alikuwa anafungia mdomo wako kwa kabati, akutolee wageni wakikuja?"

"Hapana, Mwalimu."

"Leta kisu."

Nikaleta kile cha mkate. Nikalivunja kufuli la mama yangu, Wambui akiwa nyuma yangu ananong'ona, "Polepole, vikombe! Vikombe!"

Nilipoupata ubao nilichuchumaa mbele ya Kamau nikamwekea chini ya pua. "Kamau, onyesha unaumwa wapi! Onyesha!" Akajifunika uso. Nikahisi shati langu likivutwa kwa nyuma.

"Mtoto ni mgonjwa na wewe unampa mtihani," Mwalimu akasema. "Keti huko."

Akajishusha sakafuni kwa taabu, akakaa kando ya Kamau, si mbele yake. Akagusa picha ya naumwa, kisha goti kwenye ule mchoro. "Mimi naumwa goti," akasema taratibu, bila kumkodolea macho. Akanyamaza. Akarudia. Wambui akaelewa kabla yangu. Akakaa chini, akagusa naumwa, akagusa kichwa. "Mimi naumwa kichwa." Zamu yangu ilipofika niligusa naumwa, nikagusa tumbo. "Mimi naumwa tumbo."

Kisha tukangoja. Mwanangu, hakuna kazi ngumu kwa mtu aliyesoma kama kunyamaza. Mara mbili nilifungua mdomo ili nisaidie, na mara zote mbili Mwalimu aliniinulia kidole.

Mkono wa Kamau ukatoka usoni. Ukasimama hewani kidogo, kama unaofikiria. Ukagusa naumwa. Kisha kidole kikashuka kwenye mchoro, juu ya sikio, kikakandamiza mpaka plastiki ikabonyea. Wambui akaangua kilio.

Hospitalini daktari alitoa sikioni punje ya mahindi, imevimba na kuzungukwa na usaha. Tulikuwa tumepukuchua mahindi uani juma lililotangulia. Alisema tungechelewa zaidi, huenda sikio hilo lingeacha kusikia.

Shosho aliporudi jioni hiyo, Mwalimu akiwa bado nasi, alianzia mlangoni: "Nani amevunja kabati yangu?"

"Ni mimi niliagiza, mama," Mwalimu akasema, akamweleza yote.

Shosho akaketi, kibeti mapajani. Akauliza, kwa sauti ndogo, "Na sasa ukiachwa nje, si utachafuka?"

"Wacha uchafuke. Nitamtengenezea mwingine."

Ukachafuka kweli. Ulipata mchuzi, ukapata matope, kuku wakaukanyaga. Na Shosho, ambaye hajui kufanya jambo nusu nusu, akaanza kuutumia yeye mwenyewe kila aliposema na Kamau. Kina mama wa kanisani walipokuja tena, alikuwa nao mapajani. Wakaanza wimbo. Kamau akaja, akagusa sitaki, akagusa kelele.

"Huyu mtoto hana heshima," mmoja wao akasema.

Shosho akaweka kikombe chini. "Amesema hataki kelele. Tutaimbia nje." Wakainuka wote, na viti vyao na chai yao, wakatoka. Sijaona tena kidole kimoja kikihamisha ushirika mzima wa kina mama.

Siku hizi Kamau ni mtu mzima. Ana tableti inayomsemea, na hunikatiza ninapozungumza sana, yaani kila ninapomtembelea.

Kwa hiyo, mwanangu, ukijaliwa mtoto asiyesema, au ukipewa darasa la watoto hao, usingoje mdomo ndipo umpe lugha. Mpe picha, ishara, chochote ambacho mkono wake unaweza, na kikae karibu naye akiwa bafuni, shambani, hata akiwa na hasira. Kitumie wewe kwanza, siku nyingi, bila kumdai kitu, kwa sababu hata wewe ulisemeshwa muda mrefu kabla hujatamka neno. Usimgeuze maonyesho. Ukishasema naye, nyamaza, umpe nafasi, hata kama kimya kinakuwasha. Na akisema usilotaka kusikia, lichukulie kwa uzito ule ule ambao ungelichukulia neno asante.

Mungu akupe mikono yenye subira. Akuwekee walimu wakali pale unapojiona umeelimika. Na iwe siku moja mtoto wako akukatalie jambo mbele ya watu, waziwazi, nawe ukose la kufanya kwa furaha.