RAM Mpya na Maneno ya Baba

Baba yangu aliunda majahazi Matondoni tangu ujana wake mpaka magoti yalipomkatalia. Alipohamia kwangu, Lamu mjini, tulikubaliana kwamba kila asubuhi baada ya chai atanitajia majina ya sehemu za chombo, nami niyaandike pamoja na maelezo kwenye kompyuta yangu ya mezani. Niliona aibu kwamba mimi, bintiye niliyekulia kwenye maranda ya mbao, sikuyajua hata nusu.

Kompyuta ndiyo iliyotutesa. Nilikuwa nikimaliza kikombe kizima cha chai haijafunguka. Nikianza kuandika, inaganda. Nikiizima kwa nguvu na kuiwasha upya, sijui kipi kimehifadhiwa na kipi kimepotea. Kwa hivyo baba akinitajia neno nililohisi nimeshalisikia, nilijiambia kwamba la jana limepotea, nikaliandika tena.

Mwishowe nilimwita mwalimu wa kompyuta wa shule ya jirani, dada mmoja mpole asiyependa kubahatisha. Aliniomba nifungue programu zangu zote kwa pamoja, kisha akanionyesha kwenye kioo kwamba kumbukumbu yote imeshatumika. Akafungua kasha, akapuliza vumbi. RAM moja, kile kipande cha kumbukumbu, ilikuwa imekaa mahali pake, na nafasi ya pili tupu.

"Ukiongeza nyingine utaona tofauti," alisema. "Lakini iwe ya aina hii hii. Hizi mpya za sasa hazitaingia."

Nikaagiza Mombasa. Siku ilipofika, mwalimu alirudi, akaipachika, akawasha. Kompyuta ilifunguka kabla sijavuta kiti. Nilipiga ukelele, baba akacheka.

"Haya baba, leo hatungoji. Tuanze."

"Andika hanamu," alisema. "Ni ubao wa mbee, ukatao mai." Yaani ubao wa mbele, unaokata maji.

Nilitaka kuhakikisha halimo. Zamani kutafuta neno kwenye faili lile kulikuwa ni kuigandisha kompyuta, kwa hivyo sikuwahi kujaribu. Safari hii majibu yalikuja papo hapo. Hanamu lilikuwamo mara kumi na nne. Hakuna kilichokuwa kimepotea. Nikatafuta mkuku, uti wa mgongo wa chombo: mara tisa. Taruma, mbavu zake: mara kumi na moja. Na kila mara maelezo yalikuwa yale yale.

Niliondoa mikono kwenye vibonye.

"Kuna tatizo?" mwalimu aliuliza.

"Kompyuta haina tatizo."

Nilimgeukia baba. "Baba, jana tuliandika neno gani?"

Alinitazama kwa upole. "Jana? Jana hatukuandika, mwanangu. Mashine yako ilikuwa mbovu."

Jana tuliandika saa nzima.

Hospitalini daktari alimwuliza leo ni siku gani, akakosea. Akamwuliza mkewe yuko wapi, baba akajibu yuko jikoni. Mama tulimzika miaka mingi iliyopita. Daktari alisema hali hiyo ya kusahau haikuanza juzi, imekuwapo kwa muda mrefu, na ndilo neno lililonichoma. Nilikaa naye nyumba moja, nikila naye sahani moja, na lawama zote nikaitupia kompyuta.

Nilimpigia simu kaka yangu, anayeishi kisiwa cha Ndau. Alinikaripia.

"Baba ana akili zake timamu! Wewe na mashine zako ndio mnamchosha."

Ijumaa alikuja kwa boti ajionee mwenyewe. Baba alimpokea vizuri, akamwombea dua, akamwuliza habari za watoto mmoja mmoja. Kaka akanitupia jicho la ushindi. Tulipomaliza kula, baba akamgeukia akitabasamu.

"Ah, umekuja! Umefika saa ngapi?"

Kaka alinyanyuka, akatoka, akasimama ukumbini uso ukiuelekea ukuta. Nilimwacha. Aliporudi aliketi palepale alipokuwa, akauchukua mkono wa baba.

"Nimefika sasa hivi, baba," alisema.